Huo ni mkanda wa jeshi, usingoje kesho

Mama Mapacha wangu,

Picha uliyotuma jana usiku nimeiangalia hapa Mwaloni kabla dagaa hawajashushwa, nikaikuza mara tatu, na kwa ninavyoona huo ni mkanda wa jeshi, ule ule ulionikamata mimi mwaka juzi, malengelenge yamejipanga upande mmoja tu kutoka mgongoni mpaka chini ya ziwa na yanachoma kama umemwagiwa uji wa moto. Umesema yametokeza juzi jioni. Basi bado uko ndani ya masaa 72, na dawa yake, asaikloviri ya kuzuia kirusi, inafanya kazi vizuri zaidi ukiianza ndani ya masaa hayo, kwa hiyo leo leo nenda hospitali hapo Nansio wakuone, dagaa zako zitaanikwa na wengine.

Mi niliyachezea hayo masaa. Nilienda duka moja la dawa huku Kirumba nikapewa tyubu ya kupaka, nikapaka siku tatu nzima nikijua najitibu, kumbe kirusi chenyewe kiko ndani kwenye mshipa wa fahamu, ni kile kile cha tetekuwanga tuliyougua utotoni, hakikuondoka, kililala tu miaka yote hiyo. Krimu haikifuati huko. Nafika kwa daktari siku ya nne vipele vipya bado vinatoka, akaniandikia asaikloviri ya kumeza. Vidonda vilikauka lakini maumivu yalikaa miezi mitatu, shosti, hata sidiria nilikuwa sivai.

Mimi niliandikiwa miligramu 800 mara tano kwa siku, siku 7. Najua utashtuka, hata mi nilishtuka, ila nilitega alamu kwenye simu, saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku, afu nalala. Angalia kidonge chenyewe kimeandikwa ngapi, maana vipo vya 200 na vya 400, usije ukameza kimoja cha 200 ukadhani umemaliza. Ukisahau, meza ukikumbuka, ila kama saa ya kinachofuata imekaribia we ruka tu, usimeze vya mara mbili kwa pamoja. Na usikatishe! Siku ya nne nilijisikia nafuu nikataka kumpa jirani vilivyobaki, yeye ana vile vidonda vya mdomoni vinavyotoka akipata homa, ni ndugu wa kirusi hiki na dawa ni hiyo hiyo lakini dozi yake ni nyingine kabisa, aende aandikiwe yake.

Sasa hapa nisikilize vizuri kwa sababu nakujua. Dawa hii inatoka kwa mkojo, ukiwa huna maji ya kutosha mwilini inaweza kuganda chembechembe kwenye figo, kwa hiyo beba chupa yako kila unapoenda, siyo kushinda juani kutwa nzima na kikombe kimoja cha chai. Halafu wewe una presha na unameza diklofenaki za mgongo kila siku, mwambie daktari yote hayo, hata ile mizizi unayochemsha, mtajie. Figo zikiwa na shida wanapunguza dozi, hawakunyimi dawa. Kichefuchefu na kichwa kuuma kidogo nilipata, ila ukiona mkojo umepungua au unaanza kuchanganyikiwa rudi hospitali hapo hapo.

Wakikuambia upime VVU usinune. Hata mi nilipimwa, mkanda ukimtoka mtu wanataka kujua kinga yake ikoje, haina maana kila mwenye mkanda anao.

Mkweo mjamzito asikuoshee hivyo vidonda wala asifue nguo zako mpaka vikauke kabisa, kama hajawahi kuugua tetekuwanga anaweza akaipata kwako. Funika kwa kanga laini. Na huyo bibi anayesema mkanda ukikutana kichwa na mkia unakufa, mwambie mimi niko hai, unafuata mshipa wa upande mmoja ndo maana kwa kawaida unaishia katikati ya mwili.

Nauli nimekutumia kwenye simu asubuhi hii. Ukitoka kwa daktari nipigie picha ya cheti na ya boksi la dawa, nataka kuona wamekuandikia miligramu ngapi.

Rafiki yako wa Kirumba