Barua ya wazi kwa Bwana Nyama wetu: kabla hujakabidhi ofisi, lile kauntabuku

Mzee wangu, shikamoo.

YAH: KUSTAAFU KWAKO

Kwenye karatasi za serikali wewe ni Afisa Wanyamapori. Huku mashambani Rufiji wewe ni Bwana Nyama, jina walilolibeba waliokutangulia tangu enzi za mkoloni, na halikuwa jina la mapenzi. Bibi yangu alikuwa akisema, ukisikia Bwana Nyama anakuja unafunika chungu kwanza, salamu baadaye.

Mwenyekiti wa kijiji ametuambia kwamba mwezi ujao unatimiza miaka 60. Wilayani watakufanyia hafla, watakupa cheti na pengine mabati. Atasimama mtu asome wasifu wako: mafunzo ya chuo cha wanyamapori Pasiansi, Operesheni Uhai ya kuwasaka majangili mwaka 1989 ukiwa askari kijana, miaka ya doria ndani ya Pori la Akiba la Selous, kisha kwetu. Wasome tu, umeyatolea jasho hayo. Mimi naandika yale ambayo msoma wasifu hakuwepo kuyaona, halafu nina ombi, na ombi lenyewe lina haraka.

Nilikuwa darasa la sita ulipofika kijijini kwetu mara ya kwanza. Ilikuwa ile miaka ya 2002 hadi 2004, simba wanakula watu Rufiji. Mmoja wao watu walimpa jina la Osama, akahesabiwa roho zipatazo 35 katika vijiji kadhaa. Jua likizama hakuna aliyetoka hata kwenda chooni. Wengine waliapa kwamba huyo si simba, ni mtu aliyegeuzwa, katumwa. Kwetu simba alimchukua mtoto wa shangazi yangu kutoka kwenye dungu, akiwa analinda mpunga. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja.

Ulikuja siku ya tatu ya msiba. Raifo uliiacha kwa askari wako nje ya uzio, ukavua buti, ukakaa mkekani na wanaume mpaka dua ikaisha. Watu wanangoja useme simba utampiga lini. Wewe ukauliza: nguruwe pori wanaingia mashamba ya nani?

Wazee walichukia. Mjomba wangu mmoja aliinuka akaondoka. Mtu ameliwa, huyu anauliza nguruwe! Hukubishana naye. Ukaeleza taratibu kwamba simba anamfuata nguruwe, na nguruwe anafuata mahindi na mpunga wetu. Usiku akimkosa nguruwe, aliyepo hapo shambani ni mtu, kalala kwenye dungu la fito lisilo na mlango. Kesho yake ulikuwa juu ya ngazi na vijana, mnainua madungu na kuyafunga milango ya mabanzi. Nguruwe nao ukawatafutia wawindaji.

Nikiwa mtu mzima nilikuja kusoma kwamba watafiti walihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba tangu mwaka 1990 hadi 2004, na kwamba penye nguruwe pori wengi mashambani ndipo watu walipoliwa zaidi. Nilicheka peke yangu. Habari hiyo tulikuwa tumeshapewa mkekani.

Yule Osama aliuawa Aprili 2004. Alikutwa dume kijana, ana gego bovu lililotunga usaha. Mpaka leo kwenye harusi mtu akishika kipaza sauti kukutambulisha lazima aseme wewe ndiye uliyemuua, na kila mara unanyanyuka kusema, "Sikumpiga mimi, walimpiga wenzangu." Mzee wangu, kuna watu wamejenga nyumba kwa sifa ndogo kuliko hiyo.

Simba wakapungua, tukaingia kwenye tembo. Hapa ndipo wengi hawatuelewi, hasa wanaomwona tembo kwenye kalenda. Mwaka 1976 Selous ilikuwa na tembo zaidi ya laki moja. Hesabu ya mwaka 2013 ikakuta kama 13,000 katika eneo lote la Selous na Mikumi. Uliwahi kunieleza siku ulipokuta mizoga kumi na mmoja sehemu moja, nyuso zimekatwa kwa shoka, ukanyamaza katikati ya sentensi ukaomba maji. Kwa hiyo najua tembo ni nini kwako. Na wewe unajua ekari mbili za mahindi ni nini kwangu. Tangu sehemu kubwa ya Selous ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, tunasikia ndege za watalii zikipita juu. Usiku tunasikia mabua yakivunjika.

Ulituletea pilipili. Sitasahau asubuhi ile chini ya mwembe: vinu vitatu, pilipili kichaa kavu gunia zima, na oili chafu ndani ya dumu lililokatwa. Kila mchi ukishuka watu wanapiga chafya kijiji kizima. Ulijifunga kanga ya mke wangu puani, machozi yanakutiririka, na bado unafundisha: kamba ya katani ichovywe hivi, matambara yaning'inie hivi, mvua ikinyesha mnarudia. Watoto walikufuata wiki nzima wakiigiza chafya yako. Mwaka ule tembo walifika kwenye kamba, wakasimama, wakazunguka kwa jirani ambaye alikuwa amekataa kuchangia pilipili. Mwaka uliofuata alileta debe mbili.

Na uzi je? Uliwafundisha wanangu kuzungusha uzi kwenye wayo wa mguu wa mbele wa tembo, kisha kuukunjua mara mbili: huo ndio urefu wake mpaka begani. Sasa tembo akipita, kabla sijahesabu hasara, mtoto ameshasimamisha mti shambani ananiambia, "Baba, alikuwa anafika hapa."

Lawama yangu ninayo pia, maana barua ya sifa tupu ungeichana. Kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa aliyeuawa na mnyama, na hiyo milioni watu wameingoja mpaka wakachoka kuulizia. Ulijaza fomu, ulipiga picha, ulituma. Lakini kwenye mikutano ulikuwa unasema "linashughulikiwa" kwa sauti ile ile kila mwaka, na mtu kama wewe, uliyezoea kutuambia ukweli mkekani, ungetuambia tu kwamba hujui. Shangazi yangu yeye hakupata kitu, maana mwanawe alitangulia kanuni. Hakulaumu kwa hilo. Anakuulizia afya yako kila nikienda kumwona.

Sasa ombi langu. Ni lile kauntabuku lenye jalada jekundu, limefungwa mpira wa baiskeli. Humo umeandika kila tukio tangu ulipokuja: tarehe, shamba la nani, tembo wangapi, wametokea ushoroba upi, mwezi mchanga au mpevu, mahindi yalikuwa na umri gani. Kuna kurasa umechora njia zao kwa kalamu ya risasi, na mto ulipohama ukafuta ukachora upya. Nimeliona mara moja tu, ulipolisahau kwangu, na nakiri nililisoma usiku kucha kwa tochi ya simu.

Halina nakala. Ofisi itakabidhiwa kwa orodha: raifo, risasi, pikipiki, meza, kiti. Kauntabuku ni mali yako, halitakuwa kwenye orodha, litakwenda nyumbani kwako na mchwa watalisoma. Tafadhali, kabla ya tarehe hiyo tupe siku mbili. Binti yangu yuko kidato cha nne, ana mwandiko mzuri. Atalinakili lote, nakala moja ibaki ofisi ya kijiji na nyingine apewe atakayekuja. Na huyo atakayekuja, usimkabidhi funguo mezani. Mpitishe kwa miguu, kuanzia mbuyu uliopasuka mpaka kwenye kivuko cha viboko, umwonyeshe wanapovukia. Wazee watakuja, hata yule mjomba aliyeondoka msibani amesema miguu inamuuma lakini atakuja.

Njoo Jumamosi, mpunga mpya tumeshaukoboa. Raifo utakuwa umeirudisha ghala la silaha, lakini mchana njia yetu haina neno. Ukichelewa kuondoka, lala. Dungu nimelibadilisha makuti, na mlango ni ule ule wa mabanzi uliopigilia mwenyewe.

Wako,
Mkulima wa mpunga na mahindi, Rufiji