Shukrani kwa mliotuchangia, na majibu kwa mnaomuulizia dada yetu

Familia yetu ya Kondoa inawashukuru nyote mliosimama nasi tangu mdogo wetu, mwalimu, alipoanza kuchujwa damu kwa mashine hadi alipopandikizwa figo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mwaka umetimia. Tumechelewa kuandika kwa makusudi. Tulitaka kwanza majibu ya vipimo vya mwaka, ya aliyepewa na ya aliyetoa, ndipo tufungue mdomo.

Mwalimu yuko darasani. Mliozoea kumwona mara tatu kwa wiki akishuka kwenye basi uso umemvimba, sasa mnamkuta jioni na filimbi mdomoni, anachezesha watoto mpira. Vidonge vya kuuzuia mwili usiikatae figo anameza asubuhi na jioni, saa ileile, na ndivyo itakavyokuwa maisha yake yote. Yake ndiyo hayo. Lakini mkipiga simu, swali lenu la pili huwa ni la dada yetu aliyemtolea: "Na yeye je, hiyo moja itamtosha?" Kwa hiyo salamu hizi ni za kwake zaidi.

Hata sisi swali hilo lilitunyima usingizi. Mama alisema waziwazi: mmoja anaumwa, wa pili mnaenda kumpasua mzima, nibaki na wagonjwa wawili? Daktari akachukua kadi ya kliniki, akachora nyuma yake figo mbili, akafuta moja, kisha iliyobaki akaizungushia mstari mwingine kwa nje. "Hii itanenepa, mama." Vichujio vilivyomo ndani ya figo haviongezeki idadi. Damu iliyokuwa ikigawanywa kwa mbili inaelekea kwa moja, na kila kichujio kinatanuka na kubeba zaidi ya zamani. Akamsimulia na habari za Ronald Herrick wa Marekani, aliyemtolea pacha wake figo kule Boston mwaka 1954, akaishi miaka 56 baada ya hapo. Mama akauliza kama huyo Mzungu alikuwa analima. Akaambiwa alilima, na hesabu alifundisha. Hapo ndipo alipokubali.

Dada ameturuhusu tutaje namba zake, maana maneno ya mtaani yamekuwa mengi. Kabla ya upasuaji figo zake mbili zilichuja mililita 104 kwa dakika. Siku ya tatu baada ya kutolewa ya kushoto, zikawa 60. Leo, na hiyo moja ya kulia, ni 71. Hajabaki nusu, basi. Ana zaidi ya theluthi mbili. Kwenye utrasaundi figo hiyo ilikuwa na urefu wa sentimita 10.4, sasa ina 11.3. Mkojo hauna protini, presha iko sawa. Kreatinini, yaani taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, ilikuwa 65, ikapanda hadi 103, sasa imetulia kwenye 89.

Hiyo 89 ilituletea kizaazaa. Alipimwa mahali fulani kwa jambo lingine kabisa, karatasi ikatoka na mshale wa kupanda juu, na mtu wa maabara akamwambia figo zinaanza kufeli. Alirudi nyumbani analia, sisi tukalia naye. Kumbe kiwango kilichoandikwa pale ni cha watu wenye figo mbili, na hakuna aliyemuuliza lile kovu la ubavuni ni la nini. Siku hizi neno la kwanza analotamka popote anapotibiwa ni "nina figo moja".

Kwa heshima zote, shangazi zetu, ile chupa ya mizizi ya kusafisha figo hatukuitumia. Msituone tuna kiburi. Na mnaomhurumia mgongo ukimuuma baada ya palizi, msimpe diklofenaki wala ibuprofeni, anatumia parasetamoli. Ugali anakula, maji anakunywa akiona kiu, jembe anashika. Kinachomlazimu ni kliniki kila mwaka: presha, mkojo, damu.

Tunamshukuru shemeji yetu, aliyelala kwenye benchi siku sita na hakuwahi kusema "mke wangu mmemfanya nini". Walimu wenzake na mdogo wetu, waliogawana vipindi vyake mihula miwili. Vijana wa bodaboda wa stendi, mliokwenda kumi na mmoja kutoa damu na mmoja wenu akazimia kwa kuogopa sindano (tunakutania, kaka, tulikuona). Kina mama wa kikoba. Wauguzi na madaktari wa Dodoma. Na yule aliyetuma shilingi 2,000 kila Ijumaa bila jina.

Mlituchangia shilingi 9,340,000. Vipimo, malazi, nauli na dawa vimekula 8,080,000. Zimebaki 1,260,000, na kikao cha familia kimeziweka kwa ajili ya nauli na vipimo vya dada. Mchango ulikuwa kwa jina la mgonjwa, tunajua, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyetoa hoja hiyo. Daftari liko kwa mama, anayetaka kulikagua aje.

Kuna sufuria mbili kubwa na blanketi la kijani vimebaki kwetu tangu siku zile za kuwapokea kutoka hospitali. Wenyewe, tunaomba mje mvichukue.