Shukrani kwa dada wa eksirei

Dada uliyempiga mama yangu picha ya meno Jumanne, popote ulipo, asante sana. Mama alikuwa anaogopa mionzi, nawe hukumharakisha. Ulimweleza kwamba kiasi chake ni kidogo mno, ukamvika aproni ya madini ya risasi ya kukinga mionzi, ukamwekea kile kibao cha kunasa picha mdomoni: "Mama, ng'ata taratibu." Kisha ukamwonyesha kivuli cheusi cha uozo katikati ya magego mawili, pale ambapo kioo cha daktari hakioni. Kwa nje jino lilikuwa zima kabisa! Limezibwa, halikung'olewa. Wengi wetu huenda kwa daktari wa meno maumivu yakishakolea, uozo umeshafika kwenye neva. Mungu akuzidishie, dada yangu. Mama anakusalimu sana.