Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: chupa ya kinyama isibebwe na mzazi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu za heshima. Nakuandikia nikiwa fundi wa maabara ya patholojia niliyestaafu, mkazi wa Tudor. Kazi yangu ilikuwa kupokea vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa, kuvitengeneza na kuvipaka rangi mpaka daktari aweze kuvisoma kwenye hadubini. Neno langu kwako ni moja. Kwa niliyoyaona miaka yote ya kazi, mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu, iitwayo limfoma, au ya nyama laini kama misuli na mafuta, iitwayo sarkoma, kichwani na shingoni, huangushwa kwanza na muda unaopotea kabla ugonjwa wake haujajulikana jina. Sehemu kubwa ya muda huo ofisi yako inaweza kuurudisha.

Naanza na watoto, maana kwao hata siku ni nyingi. Iko saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, ambayo kwa watoto wa huku kwetu hupenda kutokea tayani. Dkt. Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliieleza mwaka 1958 baada ya kuona watoto kadhaa waliovimba mataya kwa namna moja. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika seli za uvimbe huo, na siku hizi inajulikana kwamba virusi hivyo, vikikutana na malaria ya kurudiarudia kwa mtoto mdogo, ndivyo vinavyofungua njia. Kwa hiyo ugonjwa umeuandama ukanda wa Afrika wenye malaria nyingi, na Pwani yetu imo. Huu ni miongoni mwa uvimbe unaokua haraka kuliko wote kwa binadamu: seli zake zaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto uliyemwona Ijumaa hii shavu limeinuka kidogo, Ijumaa ijayo waweza kumkuta jicho limeshasukumwa juu.

Na uvimbe huo huo unasikia dawa upesi mno. Tangu miaka ya 1960, hapo Uganda, watoto walipewa dawa ya saratani iitwayo saiklofosfamaidi na taya likarudi lilivyokuwa. Katika nchi tajiri leo, watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wenye Burkitt hupona. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani za watoto mwaka 2018, liliweka lengo la angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani kunusurika ifikapo 2030, na katika saratani 6 zilizochaguliwa kutangulizwa, Burkitt na limfoma nyingine, ya Hodgkin, zimo. Sisi wa Mombasa tutakuwa wapi kwenye hesabu hiyo, ikiwa kinyama cha mtoto kinangoja kwenye rafu?

Nikueleze jinsi mambo yanavyokwenda. Mtoto wa miaka mitano hivi, meno ya nyuma yanaanza kucheza. Hayana tundu, hayajaoza, yanacheza tu. Anapelekwa kung'olewa. Jino likitoka, la jirani yake nalo linalegea, na ufizi unajaa. Kituo kingine kinasema ni matumbwitumbwi, kinampa dawa ya maumivu. Kingine kinampa amoksilini na kumwambia mama arudi akimaliza chupa. Hapo tena ndipo bibi anaposhauri kuchua, na jirani anaposhauri kombe, na watu wakaja baadaye kusema mama amechelewesha mtoto kwa waganga. Mimi sikubaliani na lawama hiyo hata kidogo. Kina mama niliowapokea walikuwa wameshabisha hodi kwenye vituo vya afya kabla ya kwenda kwingine kokote, na vyote viliwarudisha nyumbani.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni agizo fupi, lenye sahihi yako, libandikwe katika kila chumba cha meno na kila zahanati ya kaunti: mtoto mwenye taya lililovimba na meno yanayocheza bila kuoza asing'olewe jino. Apelekwe kwa rufaa siku hiyo hiyo.

Kwa vijana na watu wazima hadithi ni nyingine. Tezi inatokea upande mmoja wa shingo, haiumi, inakua polepole. Kijana ana homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, mwili unapungua. Hizi ni dalili za kifua kikuu cha tezi, na kifua kikuu kipo kwetu. Daktari anayekifikiria kwanza hajakosea. Lakini ndizo hizo hizo dalili za limfoma, ikiwemo ya Hodgkin, aliyoieleza Thomas Hodgkin wa London tangu 1832 na ambayo siku hizi wagonjwa wengi hupona kwa dawa. Ubaya ni kumwanzishia mtu dawa za kifua kikuu za miezi 6 bila kipimo chochote, tezi ikazidi kukua, na bado akaambiwa amalize dozi. Maji ya tezi yanaweza kupimwa kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert. Pasipoonekana kitu, na tezi haipungui, ikatwe ikachunguzwe.

Na ikatwe yote. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipokuwa nikiumia zaidi. Kunyonya seli kwa sindano ni jambo jepesi, lafaa kuonyesha njia, lakini limfoma hutambulika kwa namna seli zilivyojipanga ndani ya tezi. Kuisoma kwa sindano peke yake ni kama kutaka kuvijua vichochoro vya Mji wa Kale kwa kupewa kiganja cha mawe ya ukutani. Mara kwa mara tuliandika majibu kwamba seli zinatia shaka, tunaomba tezi nzima, na mgonjwa harudi tena. Ameshatumia nauli na akiba, na karatasi aliyopewa haisemi kitu anachokielewa.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Mtu mwenye uvimbe wa shingo akipigwa deksamethasoni, au akipewa prednisoloni dukani ili uvimbe ushuke, limfoma hunywea kwa muda. Familia inafurahi. Tezi ikija kukatwa wakati huo, seli tunazozitafuta zimekufa au zimepungua, na jibu linatoka halina uhakika. Wiki chache mbele uvimbe unarudi kwa nguvu. Maduka ya dawa yaambiwe hili, na kliniki zetu pia. Dawa hizo zina mahali pake, kwa mfano mgonjwa anapokosa pumzi, lakini kwa uvimbe usiojulikana ni wa nini, kinyama kitangulie.

Za nyama laini nitazipitia haraka. Kwa watoto iko rhabdomiosarkoma, ambayo hujificha nyuma ya jicho, puani, au ndani ya sikio. Sikio linalotoa usaha wenye damu, na kinyama kinachungulia tunduni, halitibiwi kwa matone mwezi baada ya mwezi. Kwa watu wazima, mabaka ya zambarau kwenye kaakaa yanaweza kuwa sarkoma ya Kaposi, na mtu huyo anahitaji kipimo cha HIV na dawa za ARV mapema. Na bonge lililo ndani ya shingo, lililozidi sentimita 5 na linaendelea kukua, lisichokolewe tu kwenye chumba cha upasuaji mdogo kwa kudhaniwa ni mafuta. Sarkoma ikikatwa bila mpango huacha mabaki, na upasuaji wa pili unakuwa mkubwa zaidi, usoni na shingoni ambako hakuna nyama ya ziada.

Sasa nije kwenye chupa. Mheshimiwa, katika hospitali niliyofanyia kazi, kinyama kikishakatwa kilikuwa kinakabidhiwa familia. Mama anapewa chupa na kipande cha karatasi, anaambiwa apeleke maabara. Nimepokea chupa zilizovuka feri kutoka Likoni zimefungwa pembeni mwa leso. Wakati mmoja ililetwa chupa ya sharubati, mdomo wake mwembamba. Tezi ilikuwa imesukumwa humo ikiwa laini. Formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, ikaikaza, ikakataa kutoka. Ilibidi chupa ivunjwe kwa uangalifu, mama amesimama dirishani anatutazama, anadhani tunaharibu. Ile angalau ilikuwa na formalini. Nyingine ilikuja katika maji ya chumvi. Ilikuwa adhuhuri, joto la Kaskazi, na nilipoifungua harufu ilinieleza kila kitu. Kinyama kilikuwa cha mtoto wa taya. Akarudishwa kukatwa upya, na baba yake hakuwa na pesa ya kulipa mara ya pili, akaenda kuzitafuta.

Kinachotakiwa si kigumu. Chupa ya mdomo mpana, formalini ya asilimia 10 iliyotengenezwa ipasavyo, ujazo wake uwe mara 10 ya kinyama. Tezi ipasuliwe katikati ili dawa iingie. Jina la mgonjwa liandikwe kwenye chupa yenyewe, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Kikifika maabara, kinyama hulala kwenye mashine usiku kucha, asubuhi kinawekwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba mno, vinapakwa rangi, daktari anasoma. Ni kazi ya siku mbili tatu. Kisha kwa limfoma huhitajika rangi za ziada zinazotambua alama za aina ya seli na kasi ya kuongezeka kwake, kama CD20 na Ki-67, na bila hizo daktari wa saratani hawezi kuchagua dawa kwa uhakika. Dawa ya limfoma iitwayo rituximab, kwa mfano, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, lakini hufaa tu pale seli zinapoonyesha CD20. Wagonjwa wangu rangi hizo walikuwa wakizifuata Nairobi, kwa gharama yao. Tena kinyama kisikae formalini zaidi ya saa 72 hivi, maana rangi hizo hazitashika vizuri. Chupa inayongoja mwenye nauli inapitisha muda huo mara nyingi.

Pikipiki tunazo tayari. Makohozi ya kifua kikuu na damu za kupima wingi wa virusi vya HIV huchukuliwa vituoni na waendeshaji wanaozipeleka maabara kwa ratiba. Hakuna mama anayeambiwa avuke na makohozi ya mwanawe mkononi. Naomba sanduku lile lile libebe na chupa ya formalini, kutoka Likoni, Port Reitz, Tudor na kila mahali panapokatwa kinyama. Chupa ziwe zimeshajazwa, zimo kabatini chumba cha upasuaji, na daftari la kusainiwa na anayetoa na anayepokea.

Malipo nayo. Bima, ili ilipie matibabu ya saratani, hutaka kwanza karatasi ya patholojia. Na karatasi hiyo ndiyo familia inayoinunua kutoka mfukoni. Naomba kipimo cha kinyama cha kichwa na shingo, pamoja na rangi za ziada, kisidaiwe mgonjwa mlangoni. Kaunti ilipe, kisha idai inakoweza kudai. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziweka hospitali na zahanati hizi mikononi mwa kaunti, kwa hiyo huna haja ya kungoja ruhusa ya Nairobi. Najua wengi wanaokuja kutibiwa hapa hawatoki Mombasa. Wanatoka Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Hilo lipeleke kwenye Jumuiya ya Kaunti za Pwani, wenzako wachangie. Mtoto wa Kwale asirudishwe kwa sababu ya mpaka.

Na jibu likipatikana, mtu apigiwe simu. Nimeona karatasi zimeandikwa limfoma, zimepangwa vizuri kwenye faili, hakuna aliyekuja kuzichukua, na hakuna aliyeambiwa awatafute wenyewe. Wahudumu wa afya ya jamii wanajua milango. Wapewe jina la mgonjwa na jina la mtaa, watamfikia kabla ya magharibi. Tena wafundishwe jambo moja waliongeze kwenye ziara zao: uvimbe wa shingo au taya usioondoka kwa wiki nne haungojwi, na wa taya la mtoto haungojwi hata hizo nne.

Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Naomba humo kuwe na kifungu chake chenyewe cha vipimo vya kinyama: chupa, formalini, usafiri, rangi za ziada, na ahadi ya jibu la kwanza ndani ya siku 7. Ukiona ni ghali, nionyeshe hesabu hadharani, nami nitakaa na maafisa wako tuipitie pamoja. Nitakuja siku yoyote utakayoniita, bila malipo, kuwaonyesha wauguzi wa vyumba vya upasuaji jinsi ya kupasua tezi na kuijaza chupa. Nahitaji meza, glavu na dirisha lenye hewa, kwa sababu formalini inachoma macho.

Wako katika kazi ya afya,

Fundi mstaafu wa maabara ya patholojia,
Tudor, Mombasa