Jamaa waruhusiwe kuzungumza na mgonjwa aliyepoteza fahamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wakuu wa hospitali zetu hapa Uganda wawaruhusu jamaa kukaa karibu na mgonjwa aliyepoteza fahamu kutokana na sumu ya dawa, tena wawafundishe la kufanya wanapokuwa hapo.

Mwaka jana binti wa marehemu kaka yangu alidhuriwa na fenobabitali, dawa ya kifafa ya bibi yake. Ilivyotokea si jambo la kueleza hapa. Dawa hiyo hukawia mno mwilini, hata kupungua kwa nusu huchukua siku kadhaa, kwa hiyo ngojea yetu ilikuwa ndefu. Tulitandika mkeka nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, nasi tuliitwa tu palipokuwa na kitu cha kununua. Usiku wa nne muuguzi wa zamu alimwingiza shemeji yangu, akamwambia anawe mikono, amwite mtoto kwa jina la nyumbani, amshike kiganja na kumweleza ni siku gani na yuko wapi. Shemeji akamsimulia kwa Kilugbara, polepole, habari za mbuzi wao aliyezaa mapacha. Nikiwa mlangoni niliona kope za mtoto zikicheza.

Sidai kwamba sauti ya mama huondoa sumu. Kazi hiyo ni ya madaktari, wanaolinda pumzi na kutoa dawa ya kupinga sumu pale ilipo, kama naloksoni kwa sumu ya jamii ya afyuni, huku ini na figo zikifanya sehemu yake. Lakini wauguzi watafiti wa Iran wamechapisha majaribio kadhaa ambamo wagonjwa waliosemeshwa na kuguswa na jamaa zao walipata nafuu zaidi katika kipimo cha fahamu cha Glasgow, kile kilichoanzishwa mwaka 1974, ambacho hutazama macho, maneno na mwendo wa viungo na kutoa alama kuanzia 3 hadi 15.

Mafunzo yanahitajika kwa sababu mapenzi peke yake huweza kudhuru. Niliwahi kumwona mzee mmoja akitaka kumtilia mwanawe uji mdomoni, ilhali asiye na fahamu hawezi kumeza salama na chakula huweza kuingia mapafuni. Harufu ya chai ya tangawizi puani yatosha. Wengine hulia juu ya kitanda au kujadili gharama na lawama, kana kwamba mgonjwa hasikii, jambo ambalo hakuna anayeweza kulithibitisha.

Naiomba Wizara ya Afya itoe mwongozo mfupi: jamaa mmoja, dakika 15 asubuhi na 15 jioni, jambo moja kwa wakati mmoja, yaani sauti, mguso au harufu, na muuguzi aandike alama za Glasgow kabla na baada. Aibu ya sumu tayari huwafukuza ndugu wengi kitandani. Waliobaki wasizuiwe mlangoni.

Mwalimu wa sekondari,
Arua