Kahawa tunaiharibu sisi wenyewe na joto

Ndugu mhariri,

Pole na kazi. Kuna maneno nayasikia kila mara hapa Kisumu, ati sisi huku ni watu wa chai na kahawa hatuielewi, ati ni chungu. Mimi nakataa. Kahawa inatoka Mlima Elgon, Nandi, Kipkelion, Kisii, yani karibu tu hapa, na ni kahawa ya maana sana, sasa kama ikifika kwa kikombe chako ni chungu kama dawa basi kuna mtu kati hapo ameichezea.

Ingia supa uangalie wanaiweka wapi. Mara nyingi utaipata kwa rafu ya dirishani, jua la saa nane linapiga pakiti moja kwa moja, na kwa pakiti wameandika tarehe ya mwisho wa kutumia ni mwaka ujao ama hata ule mwingine, lakini ilikaangwa lini hakuna mtu anakuambia. Hiyo tarehe ya mwisho inamaanisha tu ukiinywa hutaumwa na tumbo, ladha ni kitu kingine kabisa. Kahawa ikitoka kukaangwa inakaa siku nyingi ikitoa kaboni dioksidi, ndio maana pakiti zingine ziko na kivalvu kidogo hapo mbele, gesi inatoka na hewa ya nje haiingii. Hiyo gesi ndio inaleta lile povu la rangi ya dhahabu juu ya espreso, ile kahawa nzito ya mashine, kwa hivyo ukiletewa espreso haina povu jua kahawa imezeeka ama ilisagwa kitambo. Oksijeni ikiingia inaharibu mafuta ya kahawa na harufu inaenda, na joto ndio linakimbiza hiyo kazi, alafu sisi tuko kando ya ziwa, hewa yenyewe ni ya moto na ina unyevu. Punje nzima zikifungwa vizuri na kuwekwa mahali pa giza zinakaa poa wiki kadhaa. Ikishasagwa usiingoje, harufu inaanza kutoka dakika hizo hizo.

Kuna mkahawa mmoja hapa tao, jina nitaliacha, wao mifuko ya kahawa wanapanga juu ya mashine ya espreso, pale pa kupashia vikombe moto. Bana! Hapo panachoma kutoka asubuhi mpaka wanafunga. Nilimuuliza kijana wa pale akaniambia, "Boss, kahawa ni chungu, ongeza sukari."

Alafu wale wa friji. Unaweka kahawa kwa kopo limefunguliwa kando ya omena ya jana na unategemea nini, kahawa inavuta harufu ya kila kitu, na kila ukiitoa inashika majimaji ya hewa. Friza iko sawa lakini igawe kidogo kidogo na uifunge hewa isiingie kabisa, na ukitoa usifungue mpaka ipoteze baridi.

Kwa mashine yenyewe, espreso inataka maji ya digrii 90 hadi 96 hivi, presha ya bar 9, nusu dakika imeshuka. Maji yakiwa baridi kuliko hapo inatoka chachu, yakizidi inatoka chungu na inakausha ulimi. Wateja wa kwanza asubuhi ndio huumia, taa ya mashine inasema tayari lakini kile chuma cha kushikilia kahawa bado ni baridi na kinameza joto lote, ata dakika ishirini za kungoja ni shida?

Na wewe unayepika nyumbani usifuate kila kitu cha mtandaoni. Wanasema maji yakichemka ngoja kidogo ndio umwage, hiyo ni ya watu wa Mombasa na wale wengine wa pwani, kwao yanachemkia digrii 100. Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya bahari, maji yetu yanachemkia karibu 96, na Nakuru iko mita kama 1,850 huko ni karibu 94. Wenzetu wa Nakuru wakingoja ndio wanaharibu, wamwage yakichemka tu. Ya kushinda kwa themosi mpaka jioni sitaiongelea, hiyo kila mtu anajua inakuwaje.

Ombi langu kwa wenye kukaanga ni moja tu, pigeni muhuri wa siku ya kukaanga kwa pakiti, na si ati mtu akimbilie ya jana, kwa espreso, kahawa iliyokaangwa jana bado ina gesi nyingi na maji yanapita vibaya, wacha ikae wiki hivi. Na nyinyi wa supa, toeni kahawa dirishani muweke pale mmeweka sabuni za kufulia, sabuni haiogopi jua. Lakini pia msiziweke karibu karibu, nimeshasema kahawa inavuta harufu.

Mnywaji kahawa,
Mamboleo, Kisumu