Lithiamu bila kupima damu ni hatari jamani

Mhariri, naomba nafasi kidogo tu. Ndugu yangu anameza lithiamu, ile dawa ya ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka (bipola), mwaka wa tatu huu na imemsaidia sana, hapo sibishi, ila kila akienda kliniki anaandikiwa zilezile anarudi nyumbani, habari ya kupima damu hakuna anayeigusa. Hii dawa siyo pipi! Kiwango kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno, kwa kawaida kwenye damu inatakiwa iwe kama 0.6 mpaka 1.0 milimoli kwa lita, ikipita 1.5 mtu anaweza kuanza kutetemeka, kuharisha, kuyumba kama mlevi, na nyumbani mnadhani ugonjwa umerudi. Damu inatolewa yakipita masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, na figo na tezi ya shingoni nazo ziangaliwe kila miezi 6 hivi. Halafu kuna ibuprofeni, mtu mgongo unamuuma kajinunulia mwenyewe, kumbe inapandisha lithiamu mwilini. Na mkiogopa msimwachishe ghafla, muulizeni daktari kwanza. Ila na daktari naye, akiandika dawa si aandike na tarehe ya kipimo hapohapo, inachukua sekunde ngapi?

Msomaji wenu